Kumbukumbu kubwa haitoshi: barua kuhusu mashine za rundo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu ya barua nijibu makala ya ukurasa wenu wa sayansi ya wiki iliyopita, ile iliyoeleza jinsi kompyuta inavyofanya kazi. Mengi yalielezwa vizuri, na wanafunzi wangu waliigombania nakala moja iliyofika shuleni. Lakini aya ya mwisho ilisema kwamba mashine zote za kukokotoa ni zilezile, na kinachozitofautisha uwezo ni ukubwa wa kumbukumbu: iongezee mashine kumbukumbu, na kilichoishinda leo itakiweza kesho. Hapo nabisha. Sentensi hiyo nimeshaisikia darasani, inatajwa na vijana wenye akili nzuri kabisa, na si ya kweli.

Lipo tawi la hisabati lenye umri wa zaidi ya miaka 60 lililothibitisha kinyume chake. Mashine inaweza kupewa kumbukumbu isiyo na mwisho na bado ikashindwa na kazi ambayo mtoto wa darasa la pili anaifanya kwa vidole. Kinachoamua ni ruhusa: mashine inaruhusiwa kuigusa kumbukumbu yake mahali gani, na ikifika hapo inaruhusiwa kufanya nini.

Ninafundisha hisabati kidato cha tano na cha sita hapa Iringa. Kompyuta shuleni kwetu ni chache na umeme hauaminiki, kwa hiyo somo hili ninalifundisha kwa kadi nilizokata kwenye maboksi ya sabuni. Naomba niwaeleze wasomaji tunavyofanya, kwa kuwa ninachotaka kusema kinaonekana palepale mezani.

Mwanafunzi mmoja anakaa mbele. Yeye ndiye mashine. Mwenzake anamsomea herufi moja baada ya nyingine na harudii iliyopita. Mezani pana rundo la kadi. Unaruhusiwa kuweka kadi juu ya rundo, unaruhusiwa kuondoa kadi ya juu, na kadi pekee unayoruhusiwa kuiona ni hiyo ya juu. Ni kama magunia yaliyopangwa ghalani, la kwanza kuingia ndilo la mwisho kutoka. Kichwani anabeba mambo machache tu yaliyohesabika, kama "bado nasoma A" au "sasa nimeingia kwenye B". Rundo lenyewe halina kikomo. Kadi zikiisha tunakata nyingine.

Kazi ya kwanza ni kukubali mfuatano kama AAABBB, ambamo A zote zinatangulia na B zinalingana nazo idadi, na kukataa mwingine wowote. Bila rundo haiwezekani, maana kichwa chenye nafasi chache kitapoteza hesabu A zikizidi. Kwa rundo ni rahisi: kila A weka kadi, kila B ondoa kadi, mwisho meza ibaki tupu. Ndivyo mashine inavyokagua mabano ya fomula, na ndivyo inavyosoma maagizo ya programu yaliyofunguliwa ndani ya maagizo mengine. Friedrich Bauer na Klaus Samelson wa Munich waliomba hataza ya mbinu hii mwaka 1957, wakiitaka kwa kukokotoa fomula. Mwaka 1965 Donald Knuth akaonyesha ni sarufi za namna gani, yaani kanuni za kuunda mifuatano, zinazosomeka hivyo kutoka kushoto kwenda kulia bila kubahatisha. Watu wanaoandika programu leo wanategemea kazi hiyo kila siku, wajue wasijue.

Kazi ya pili ndiyo inayoivunja sentensi ya makala yenu: AAABBBCCC. Herufi tatu, idadi sawa. Kijana anapanga kadi tatu kwa ajili ya A, anaziondoa moja moja kwa ajili ya B, anaona zimelingana. C zinaanza kusomwa na mbele yake pana meza tupu. Hajui tena zilikuwa ngapi, kwa sababu njia yake pekee ya kuzihesabu B ilikuwa kuiharibu hesabu ya A. Darasa zima huamka hapo na kila mtu ana ujanja wake. Mmoja aliweka kadi mbili kwa kila A, ili moja iondolewe na B na nyingine na C. Tukamsomea AAABBCCCC. Akaikubali, maana B na C kwa jumla zilikuwa 6 vilevile. Tukajaribu kadi za rangi, tukajaribu kuandika namba juu ya kadi. Kila ujanja ulianguka kwa namna yake.

Wala si suala la sisi kukosa ujanja. Mwaka 1961 Yehoshua Bar-Hillel, Micha Perles na Eli Shamir walithibitisha jambo kuhusu sarufi zisizojali muktadha, zile ambazo kila kanuni yake hugeuza alama moja bila kuangalia majirani zake, na ambazo muda mfupi baadaye zilionyeshwa kuwa na uwezo uleule wa mashine ya rundo moja. Chukua mfuatano wowote mrefu wa kutosha ambao sarufi ya namna hiyo inaukubali. Ndani yake kuna vipande viwili, kimoja huenda kikawa kitupu, ambavyo unaweza kuvirudufu pamoja mara nyingi upendavyo na sarufi bado itaukubali. Sasa jaribu kukuza vipande viwili ndani ya AAABBBCCC. Ama herufi moja inabaki nyuma ya wenzake, ama mpangilio unavurugika. Uthibitisho huo hauulizi una kadi ngapi. Mpe kijana kadi bilioni, atashindwa palepale aliposhindwa akiwa na kadi tatu.

Siku moja binti aliyekaa nyuma alinyoosha mkono: "Madam, kwani lazima aziondoe? Si azitazame tu?"

Nilimwita mbele nikamkalisha kwenye kiti cha mashine. Tukabadili sheria moja: kuweka na kuondoa kadi ni juu ya rundo tu kama mwanzo, lakini unaruhusiwa kupitisha kidole kadi kwa kadi hadi chini na kurudi juu, ukizitazama bila kuzigusa. Akaweka kadi tatu kwa A. Kwa kila B kidole kikashuka kadi moja. B zilipoisha kidole kilikuwa chini kabisa. Kwa kila C kikapanda kadi moja. C zilipoisha kilikuwa juu. Wenzake wakaongeza D, naye akashuka tena. Wakaongeza E, akapanda. Kadi zilikuwa zilezile tatu, hatukukata hata moja ya nyongeza.

Nilimweleza, nami nasema kwa fahari, kwamba wazo lake ndilo lililochapishwa mwaka 1967 na Seymour Ginsburg, Sheila Greibach na Michael Harrison. Wao walitaka kueleza kwa hisabati jinsi programu zinavyotafsiriwa kuwa maagizo ya mashine, wakaona rundo linaloonekana juu tu linabana mno. Mtafsiri wa programu anahitaji kurudi kutazama jina lililotajwa mapema bila kubomoa kila kilichowekwa juu yake.

Kuchungulia kunaleta pia jambo linalotuhusu kama wasemaji wa lugha. Chukua neno polepole. Mashine ya rundo la kawaida ikiweka p, o, l, e, inayobaki juu ni e, ilhali herufi inayofuata kusomwa ni p. Rundo hugeuza kila kitu, kwa hiyo linakifaa kinachorudi kinyumenyume, na polepole hairudi kinyumenyume. Mashine inayochungulia inashuka hadi chini kwenye p, kisha inapanda ikilinganisha: p kwa p, o kwa o, l kwa l, e kwa e. (Inajuaje kwamba nusu ya kwanza imeisha? Inabahatisha. Nitarudi hapo.)

Neno moja kama polepole mashine yoyote inaweza kulikariri, kwa hiyo peke yake halithibitishi kitu. Inatakiwa lugha inayorudufu maneno ambayo urefu wake hauna kikomo, na lugha ya kwanza kuthibitishwa hivyo kwa upande wa msamiati ni ya Afrika: Kibambara cha Mali. Wulu ni mbwa, na wulu o wulu ni mbwa yeyote awaye. Kutokana na wulu unapata wulunyinina, mtafuta mbwa, na juu ya neno hilo unaweza kujenga jingine refu zaidi, na juu ya hilo jingine tena. Kila utakalojenga unaweza kuliweka pande zote mbili za ile o, na pande hizo lazima zifanane herufi kwa herufi. Christopher Culy aliliandika hilo mwaka 1985, mwaka uleule ambao Stuart Shieber alionyesha jambo la jamaa hiyo katika sentensi za Kijerumani cha Uswisi. Miaka mingi wataalamu walikuwa wanabishana kama rundo moja linatosha kuzieleza lugha za binadamu. Kibambara kilikuwa miongoni mwa mashahidi wawili waliosema halitoshi. Sijui kwa nini jambo hili halimo kwenye vitabu vya watoto wetu.

Je, mashine ya kuchungulia inaweza yote? Hapana. John Hopcroft na Jeffrey Ullman walionyesha mwaka 1968 kwamba ikiwa herufi zinasomwa mara moja tu kutoka kushoto kwenda kulia, basi lolote inaloliweza linawezwa pia na mashine ya Turing (mashine inayosoma na kuandika kwenye utepe wa visanduku, ikienda mbele na nyuma) yenye utepe usiozidi urefu wa mfuatano wenyewe. Rundo halina mwisho, lakini nguvu yake ina kipimo, na kipimo hicho ni urefu wa kile ulichopewa kusoma.

Watu hao wawili walikuwa wameshachunguza mwaka 1967 namna nyingine, ngumu kidogo kuiamini: mashine inayoweza kwenda mbele na nyuma juu ya herufi zake, inayoongeza kadi na kuzichungulia, lakini hairuhusiwi kuondoa kadi hata moja. Kila ilichoandika kimebaki milele. Ungedhani ni kilema. Wakathibitisha kwamba isipobahatisha ina uwezo uleule wa mashine ya Turing yenye nafasi ya n log n (n ni idadi ya herufi, na log n ni mara unazoweza kuigawa n kwa mbili hadi ifike 1), na ikibahatisha, nafasi ya n kwa kipeo cha pili, pale inapobahatisha mashine ya Turing nayo. Kwa mfuatano wa herufi 1,000 hiyo ni kama visanduku 10,000 kwa ya kwanza na 1,000,000 kwa ya pili, tukiacha vizidisho. Iruhusu sasa kuondoa kadi, na inaaminika kwamba uwezo unapanda tena. Safari hii haupimwi kwa nafasi, unapimwa kwa muda, na ni muda unaokua kwa kasi ya kutisha. Hayo aliyathibitisha Stephen Cook mwaka 1971. Nawaomba wasomaji waitazame ngazi hiyo kwa makini: rundo lisilo na mwisho ni lilelile kwenye kila daraja, na kipimo cha uwezo kinabadilika ruhusa zinapobadilishwa.

Daraja la juu kabisa lilipatikana darasani kwa njia ya ugomvi. Kijana mmoja alisema kuchungulia ni udanganyifu, yeye anataka sheria za zamani lakini apewe rundo la pili. Tukampa. Alipotaka kuona kadi ya chini kwenye rundo la kushoto, alihamisha zilizo juu yake kwenda rundo la kulia, moja moja, akaifikia, akaibadilisha, akazirudisha. Hakuna kilichopotea. Marundo mawili yaliyokaa ubavuni ni utepe mmoja uliokatwa katikati, na mahali pa kukata panasogezwa upendavyo. Huo ndio utepe wa Alan Turing wa mwaka 1936, na juu yake hakuna mashine yenye uwezo zaidi inayojulikana. Kutoka marundo mawili kwenda matatu, au mia, huongezi kitu chochote kinachowezekana. Unaongeza wepesi tu.

Kuna njia nyingine inayofika hapohapo kwa kadi za mstari mmoja. Badala ya rundo, panga foleni: kadi mpya inaingia nyuma, inayosomwa inatoka mbele. Ukitoa ya mbele na kuirudisha nyuma, foleni nzima inazunguka na unaiona yote bila kuipoteza, tena unaweza kubadilisha kadi yoyote inapopita. Foleni moja ina nguvu zote za mashine ya Turing. Rundo moja haliwezi hata AAABBBCCC. Idadi ya kadi ni ileile, tofauti ni mlango wa kutokea.

Marvin Minsky alikwenda mbali zaidi mwaka 1961: marundo mawili ya kadi tupu, zisizo na alama yoyote, ambamo unajua tu kama rundo limeisha au bado, yanatosha. Habari zote zinafichwa ndani ya idadi. Gharama yake ni kubwa. Alama 30 tu za 0 na 1, zikigeuzwa kuwa idadi, zinaweza kudai kadi zaidi ya bilioni moja, na hapo bado hujabana hesabu zote ziingie kwenye marundo mawili. Hapa mwandishi wenu angekuwa sahihi kama angezungumzia kasi. Alizungumzia kinachowezekana na kisichowezekana, na hilo ni swali tofauti.

Nirudi kwenye kubahatisha, kwa ufupi. Mashine ya rundo moja isiyobahatisha haiwezi kutambua mifuatano yote ya A na B inayosomeka sawa mbele na nyuma, kama ABBA au ABAABA, kwa sababu haijui katikati ni wapi. Inayobahatisha inaweza: inakisia kwamba hapa ndipo katikati, na kama kuna kisio hata moja linalofika salama, mfuatano unakubaliwa. Kwa mashine ya Turing, kubahatisha hakuongezi linalowezekana. Kwa rundo moja kunaongeza, hata kama kadi hazina mwisho.

Najua swali litakaloulizwa na baadhi ya wasomaji, kwa sababu nimeulizwa na mzazi mmoja kwenye kikao: kama marundo mawili yanaweza yote, kwa nini watoto wapoteze muda na mashine dhaifu? Jibu langu ni hili. Mashine dhaifu unaweza kuiuliza maswali. Nipe mashine yoyote ya rundo moja nami nitakwambia kwa hakika kama kuna mfuatano hata mmoja inaoukubali. Kuna njia ya kulijibu swali hilo inayomalizika daima. Nipe ya marundo mawili, na Turing alishathibitisha kwamba hakuna njia ya jumla ya kujua hata kama itasimama. Swali la kama mashine mbili za rundo zisizobahatisha zinakubali mifuatano ileile lilikaa wazi tangu miaka ya 1960 hadi 1997, Géraud Sénizergues wa Ufaransa alipothibitisha kwamba linajibika, akapewa Tuzo ya Gödel, tuzo ya nadharia ya kompyuta, mwaka 2002. Kwa zinazobahatisha halijibiki kabisa, na hilo nalo limethibitishwa.

Kila ruhusa unayoiongezea mashine inakuondolea kitu unachoweza kukijua juu yake kabla hujaiwasha. Anayeandika programu ya hospitali au ya benki anapaswa kujua anasimama daraja gani, na wakati mwingine anapaswa kuchagua la chini kwa makusudi ili kazi yake ikaguliwe hadi mwisho. Kijana aliyefundishwa kwamba nguvu ni kumbukumbu tu hatajua kwamba kuna cha kuchagua. Atanunua mashine kubwa zaidi na kushangaa.

Na watoto hawa wanayaweza. Hawahitaji maabara wala intaneti. Wanahitaji boksi la sabuni, mkasi na mtu wa kuwasomea herufi. Nimewaona wakibishana kuhusu uthibitisho wa Bar-Hillel na wenzake wakiwa wamesimama kwenye foleni ya chakula. Kinachonisikitisha ni kuona jambo wanalolielewa kwa mikono yao linafutwa na sentensi moja iliyochapishwa, kwa sababu kijana wa Kitanzania huliamini gazeti kuliko mwalimu wake.

Basi ninaomba mambo mawili. La kwanza, mchapishe sahihisho la aya ile, kwenye ukurasa uleule wa sayansi. La pili, kwenye ukurasa wa vijana mweke swali hili, nami nitasahihisha majibu yote yatakayofika kwenye ofisi yenu: Una rundo moja la kuchungulia. Unasomewa herufi A tupu, mara moja tu, na mwisho unaambiwa zimeisha. Kubali ikiwa idadi ya A ni 1, 4, 9, 16, 25 na kuendelea, kataa idadi nyingine yoyote. Unaruhusiwa kuweka kadi, kushuka na kupanda. Kuondoa kadi hutahitaji. Kidokezo kwa watakaokwama: hesabu herufi zinazosomwa kidole kikishuka kadi zote na kurudi juu, kwanza rundo likiwa na kadi 1, kisha 2, kisha 3.

Mwalimu wa hisabati,
Iringa